Sukari, kufunga mapema au mtungi: kuitia gesi bia ya nyumbani kwenye kegi ukiwa huku kwetu baridi

Wadau wa bia ya nyumbani, wa Mbeya, Iringa, Njombe na kokote mnakolala na mablanketi mawili mwezi wa saba, hili swali haliishi: bia imeshachacha, imetulia, naihamishia kwenye kegi, sasa gesi naiweka vipi? Ukitafuta majibu mtandaoni unachanganyikiwa maana kila mtu anapigia debe njia yake, na wengi wanaandika wakiwa sehemu ambazo umeme haukatiki, mtungi wa gesi unaagizwa kwa simu, afu wako usawa wa bahari. Sisi usawa wa bahari tunauona tukishuka Dar. Jiji la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700, Iringa mjini 1,500 na ushee, Njombe inakaribia 2,000, na huo urefu pamoja na baridi yake vinagusa kila njia ntakayoitaja hapa, kuna njia baridi inaibeba na kuna njia baridi inailaza kabisa.

Naongelea zile kegi ndogo za lita 19 zilizokuwa za sirapu ya soda, zenye mfuniko wa umbo la yai na nozeli mbili juu, moja ya gesi moja ya bia. Makegi makubwa ya baa sitayagusa, kwanza ni mali ya viwanda hata kama umeyakuta kwa muuza chuma chakavu, pili ukiyafungua yakiwa bado na presha ule mrija wa katikati unaweza kuruka ukakuvunja taya.

Vitu vya kuangalia kwanza

Njia ziko nne za maana. Unaweza kutia sukari ndani ya kegi na kuiacha hamira itengeneze gesi. Unaweza kuifunga kegi kabla bia haijamaliza kuchacha, gesi yake yenyewe ikabaki ndani. Unaweza kutumia mtungi wa gesi taratibu, unaweka presha unaiacha wiki. Au mtungi huo huo kwa haraka, kwa presha kubwa au kwa kutikisa. Kuna na jiwe la gesi, hilo ntaligusia tu.

Zote ntazipima kwa mambo yale yale: vifaa na hela, muda, baridi na umeme, bia inavyotoka kwenye glasi, na hatari zake. Afu nani inamfaa. Kigezo cha umeme na baridi ndo nakipa uzito kuliko vingine, maana hela unaweza kujichanga lakini hali ya hewa ya Uyole huibadilishi.

Ladha nakwambia mapema isikusumbue sana. Kuna watu wanaapa kwamba gesi ya hamira inatoa povu laini kuliko gesi ya mtungi. Gesi ni kaboni dayoksaidi ile ile, ikishayeyuka kwenye bia haina kumbukumbu ya ilikotoka. Tofauti unayoiona kwenye glasi inaletwa na tope la hamira, na hewa iliyoingia wakati wa kuhamisha, na kwamba bia moja imekaa wiki tatu nyingine siku mbili.

Namba za kwenye chati na milima yetu

Hapa naomba tutulie kidogo maana ndo pana mkanganyiko mkubwa.

Gesi kwenye bia inapimwa kwa ujazo. Bia ikiwa na ujazo 2.5 maana yake lita moja ya bia imebeba lita 2.5 za gesi. Bia za Kiingereza za asili wanapenda ndogo, 1.5 mpaka 2, bia nyingi za kawaida na lager ziko 2.4 mpaka 2.7, za ngano zinapanda 3 na zaidi. Kiasi kinachoingia kinategemea vitu viwili, presha na ubaridi. Bia ya baridi inameza gesi kirahisi, ya moto inaikataa.

Kwa ujazo 2.5 chati zinasema hivi: bia ikiwa nyuzi 4 weka PSI 12 (PSI ni kipimo cha presha), nyuzi 10 weka 17 au 18, nyuzi 15 weka 22 au 23, nyuzi 20 inakaribia 28. Sasa hizo namba ni za geji iliyoko usawa wa bahari. Geji haisomi presha yote, inasoma tofauti kati ya ndani ya kegi na hewa ya nje, na hewa ya nje huku juu ni nyepesi, ndo maana hata maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 na maharage yanachukua muda mrefu. Kwa hiyo geji ikisoma 12 Mbeya, presha halisi ndani ni ndogo kuliko geji ikisoma 12 Tanga. Dawa yake rahisi: ongeza PSI 1 kwa kila mita 600 za kwenda juu. Iringa na Mbeya unaongeza kama 2.5 mpaka 3, Njombe 3 na kidogo. Yaani ile 12 ya kwenye friji inakuwa 15. Wengi wanaolalamika kwamba bia yao imepoa gesi wakati wamefuata chati vizuri, tatizo ni hilo tu.

Na kuna la pili dogo. Bia iliyomaliza kuchacha kwenye nyuzi 20 inabaki na gesi kidogo ndani yake, chati zinahesabu ujazo kama 0.85. Huku kwetu inabaki kama 0.7. Kwenye mtungi hiyo haina shida, kwenye sukari inamaanisha gramu kama 10 zaidi kwa kegi nzima.

Sukari ndani ya kegi

Vifaa na hela. Hapa haipingiki, ndo rahisi kuliko zote. Kegi, sukari ya dukani, sufuria, mzani wa jikoni. Hesabu yenyewe ni gramu 4 za sukari kwa lita moja ya bia kukupa ujazo 1. Kwa lita 19 ukitaka kufika 2.4 ukiwa Mbeya inakuja gramu 130 hivi. Chemsha na maji robo lita, acha ipoe, mimina kwenye kegi kwanza afu bia iingie juu yake polepole bila kurusha mapovu. Kuna ubishi wa zamani kwamba kwenye kegi utumie nusu ya sukari ya kwenye chupa, au theluthi mbili. Ukiwa na mtungi wa kuongezea, weka 80 ulale salama. Ukiwa huna mtungi weka kamili, kegi ina valvu juu, ikizidi unaiachia, chupa ndo haina huo msamaha.

Sema kuna mtego mmoja. Mfuniko wa kegi hizi unakaa vizuri ukisukumwa na presha kutokea ndani. Hamira inaanza taratibu, presha ya kwanza ni ndogo, mpira wa mfuniko haujabana, gesi inapita pembeni kimya kimya na wiki mbili baadaye unafungua bia imelala kama chai. Mwenye mtungi anaupiga mfuniko PSI 30 mara moja ukae, afu anachomoa. Asiye na mtungi inabidi awe na mpira mpya mzuri, apake grisi ya silikoni ya vyakula (yale mafuta ya mgando ya kupaka mwilini hapana, yanaharibu mpira), abane, afu apake maji ya sabuni kuzunguka mfuniko na nozeli baada ya siku mbili tatu. Inama uangalie kwa karibu, ukiwa na tochi. Liki ndogo haitoi povu kubwa, inatoa kamstari ka vipovu vidogo sana vinavyojipanga upande mmoja wa mpira, ukiangalia haraka haraka unavipita.

Muda. Wiki mbili kama chumba kina nyuzi 20. Hilo neno "kama" ndo la kuangalia.

Baridi na umeme. Umeme hauhitaji, hilo ni kubwa. Lakini hamira inataka joto. Mwezi wa sita mpaka wa nane, chumba cha nyumba ya tofali Mbeya kinaweza kushinda kwenye nyuzi 15, usiku kinashuka zaidi, Makete ndo usiseme, na hamira ya bia za ale ikipigwa baridi hiyo inalala chini, unangoja mwezi gesi hakuna. Watu wanaifunga kegi blanketi wakadhani wameipa joto, blanketi halitengenezi joto, linahifadhi lililopo, na kegi yenyewe haina. Iweke chumba cha jiko, au juu ya stuli maana sakafu ya saruji inanyonya joto lote, au tumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu na ubadilishe asubuhi na jioni. Ukitumia hamira ya lager yenyewe inavumilia baridi, shida inapungua. Kuanzia mwezi wa kumi hii njia inafanya kazi bila kubembelezwa.

Bia inavyotoka. Glasi mbili za kwanza zina tope, mwaga au mpe mjomba asiyejali. Baada ya hapo inatulia. Faida ni kwamba hamira ikila ile sukari inakula na hewa iliyoingia wakati wa kuhamisha, bia inakaa muda mrefu bila kupata ile ladha ya karatasi iliyolowa. Hasara ni safari: ukiibeba kegi kwenye bajaji kutoka Mwanjelwa mpaka Forest, tope lote limeamka, unaanza upya kuisubiri itulie.

Hatari. Kupitiliza ni ngumu ukipima kwa mzani. Ila kumbuka gesi ya sukari inatosha kuipa bia uhai, haitoshi kuisukuma yote itoke. Katikati ya kegi presha inaisha. Bila mtungi itabidi pampu ya mkono, ambayo inasukuma hewa, na bia iliyoguswa na hewa inyweke siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwenye kipaimara cha watu sitini hilo wala si tatizo.

Inamfaa anayeanza, asiye na friji ya ziada, mwenye subira, na ambaye bia yake inanyweka kwa mkupuo.

Kuifunga kabla haijamaliza

Hii watu wa kwetu kimsingi wanaijua tangu zamani. Komoni na kimpumu vinanyweka vikiwa bado vinafanya kazi, na kila aliyewahi kubeba ulanzi kwenye dumu akafunga kifuniko kwa nguvu anajua kilichompata njiani. Kinachofanyika kwenye kegi ni hicho hicho, tofauti ni kwamba unaweka kizuizi kinachoachia presha ikifika mahali unapotaka.

Vifaa na hela. Valvu ya kuachia presha yenye geji, inafungwa kwenye nozeli ya gesi. Haipatikani kila duka, wengi wanaagiza. Na lazima uwe na haidromita, kile kipimo kinachoelea kukuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, hapa huwezi kukisia. Sukari huhitaji, mtungi wa kutilia gesi huhitaji.

Muda. Hii ndo inashinda zote kwa hesabu ya jumla kwa sababu gesi inaingia wakati bia inamalizia kuchacha, hakuna wiki ya ziada. Siku bia imeiva na gesi imeiva.

Namna yake: kila nukta moja ya haidromita iliyobaki (yaani 0.001) inatoa ujazo kama 0.5. Kama unajua bia yako itaishia 1.010, ihamishie kwenye kegi ikisoma 1.014 au 1.015, funga, weka valvu kwenye presha ya joto la chumba chako, kwa nyuzi 18 huku kwetu ni kama PSI 28, na uiache. Ugumu uko kwenye kujua itaishia wapi. Kuna ujanja: siku ya kwanza chota kikombe cha ile bia changa, tia hamira nyingi, kifunike, kiweke sehemu ya joto jikoni. Kinachacha mbio, siku tatu nne kinakwambia mwisho wake, wakati ndoo kubwa bado iko katikati.

Baridi na umeme. Umeme hapana. Baridi haisumbui kama kwenye sukari kwa sababu hamira iko hai na ina kasi, haianzi upya. Ila usiku ukiwa mkali bia inaweza kugoma ikiwa imebakiza nukta mbili, ukadhani imemaliza. Peleka sehemu ya joto mapema, usisubiri igome.

Bia inavyotoka. Hewa karibu haipo kabisa, kwa bia zenye hopsi nyingi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hilo unalinusa ukiweka glasi puani. Tope lipo, na ni jingi kuliko kwenye sukari kama umehamisha mapema. Wengine wanakata mrija mrefu wa ndani sentimita 1 au 2 ili usifike chini, au wanatumia mrija unaoelea unaochota juu.

Hatari. Ukifunga mapema mno bila valvu, yaani nukta kumi zimebaki, presha inapanda mpaka inakuwa balaa. Kegi nyingi za chuma zimegongwa PSI 130 ubavuni, ndoo za plastiki za presha ziko kama 35 tu, angalia iliyoandikwa kwenye yako, na usiwahi kufanya hii kwenye ndoo ya kawaida. Ukifunga umechelewa, bia inakuwa na gesi kidogo, hapo unamalizia kwa sukari au mtungi, hakuna lililoharibika.

Inamfaa mtu anayependa kupima na kuandika, anayetengeneza bia ile ile mara kwa mara akaijua tabia yake. Kwa bia ya kwanza kabisa nisingekushauri.

Kwanza gesi ya mtungi tunaipata wapi

Kichekesho ni kwamba gesi yenyewe inatoka kwetu. Rungwe ni nchi ya volkano, na kule Busokelo kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe, kampuni ya TOL Gases inaivuna pale, na wateja wake ni pamoja na viwanda vya soda na bia. Kwa hiyo mtu wa Mbeya kulalamika kwamba gesi ni bidhaa ya ughaibuni inakuwa ajabu kidogo.

Ukienda kununua, sema wazi unataka kaboni dayoksaidi ya vinywaji. Mafundi wa kuchomelea nao wanatumia kaboni dayoksaidi, na wengine wanatumia iliyochanganywa na agoni, hiyo ya mchanganyiko achana nayo. Regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha ya mtungi, pia usikurupuke: nyingi za kuchomelea zinasoma lita kwa dakika, wewe unataka inayosoma presha, na iweze kutulia vizuri kati ya 5 na 40. Nyuzi za kufungia (zile kama za skrubu) kwenye vichwa vya mitungi zinatofautiana, beba regyuleta yako uijaribishe pale pale kwenye mtungi kabla hujatoa hela.

Mtungi ukae wima, maana ndani ni kimiminika na ukilala kinaingia kwenye regyuleta. Geji ya mtungi haikwambii kilichobaki, inasoma baa 57 hivi (baa ni kipimo kingine cha presha) kwenye nyuzi 20 mpaka kimiminika kiishe ndo inaporomoka ghafla. Pima kwa mizani, uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni. Kegi moja kuitia gesi, kufukuza hewa na kusukuma mpaka glasi ya mwisho inakula kama gramu 200, kwa hiyo mtungi wa kilo 5 unakwenda kegi ishirini na zaidi kama hakuna liki. Na hii gesi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, haina harufu ya kukushtua, usiiweke chumba unacholala na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, na ukiibeba kwenye gari fungua vioo hata kama Igawilo kunanyesha.

Mtungi taratibu

Vifaa na hela. Hapa mfuko unalia: mtungi, regyuleta, mipira, na kwa kawaida friji au difriza yenye kidhibiti joto. Ila ni ya kununua mara moja, na hicho hicho ndo utamiminia.

Muda. Bia ikiwa nyuzi 4 na PSI 15 ya kwetu, siku ya saba inanyweka, siku ya kumi mpaka kumi na nne imekamilika.

Baridi na umeme. Hapa ndo baridi yetu inakuwa mtaji. Mtu wa Dar bila friji hawezi hii njia kwa raha, chumba chake nyuzi 28. Wewe mwezi wa saba una chumba cha nyuzi 15 bure, unaweka PSI 25 mpaka 26, kegi imekaa pembeni ya kabati, gesi inaingia. Kazi inabaki siku ya kunywa: bia ya presha hiyo ukiimimina hivyo hivyo ni povu tupu, kwa hiyo ipoze kwanza kwenye beseni la maji ya bomba na barafu, chomoa gesi, achia valvu mpaka presha iwe ya kusukuma tu, afu mimina kwa mpira mwembamba mrefu, mita 3 au zaidi. Kwa wenye friji, umeme ukikatika masaa machache usihangaike, lita 19 za baridi hazipati joto haraka, usifungue fungue mlango tu. Ukikatika siku nzima bia itapovuka kidogo ukimimina, ikirudi baridi inajirekebisha yenyewe.

Bia inavyotoka. Safi, tope kidogo sana, na glasi ya leo ni sawa na ya wiki ijayo.

Hatari. Karibu hakuna, presha ikishalingana gesi haiingii tena, huwezi kupitiliza hata ukisahau mwezi. Adui ni liki. Liki ya usiku mmoja inamaliza mtungi, kwa hiyo maji ya sabuni kwenye kila kiungo kabla hujaondoka.

Inamfaa anayetengeneza mara kwa mara, mwenye kegi mbili tatu kwenye foleni, asiye na haraka.

Mtungi kwa haraka

Vifaa ni vile vile vya juu, ongeza valvu ya kuzuia bia isirudi kwenye regyuleta, hapa ni ya lazima.

Muda na namna. Ziko mbili. Ya kwanza: bia ya baridi, PSI 30 kwa saa 24 bila kuigusa, afu chomoa, achia, rudisha 15, kesho yake kunywa. Ya pili: laza kegi mapajani, gesi imeunganishwa, itikise. Utasikia regyuleta inafoka shiii kila ukitikisa, na sauti inapungua kadiri bia inavyoshiba. Ukitikisa kwa presha ya 15 ile ile ya kunywea, robo saa mpaka dakika ishirini sauti inakufa, hapo imeshiba na huwezi kupitiliza. Wanaotikisa kwa 30 wanamaliza dakika mbili lakini wanabahatisha. Mi nasema kama unatikisa, tikisa kwa 15, mikono itauma kidogo ila utajua ulipo.

Baridi na umeme. Bia lazima iwe baridi kweli, nyuzi 4 hivi, ile ya chumba haikubali haraka. Unahitaji friji au barafu nyingi kwa siku moja, siyo kwa wiki mbili, kwa hiyo hata difriza ya jirani inatosha.

Bia inavyotoka. Siku ya kwanza inachoma ulimi kidogo na povu linakuwa kubwa kubwa, kesho yake imetulia. Ukitikisa umeamsha na tope.

Hatari. Kupitiliza. Ikitokea, chomoa gesi, achia valvu mara kadhaa kwa siku, inashuka. Na usishushe regyuleta wakati kegi ina presha kubwa bila ile valvu ya kuzuia, bia itapanda kwenye mpira wa gesi mpaka ndani.

Jiwe la gesi, linalopitisha gesi ndani ya bia kwa vitundu vidogo vya maikroni 0.5 au 2, linafanya kazi hiyo hiyo kwa saa chache bila kutikisa, unaanza presha ndogo unapandisha kidogo kidogo. Ni zuri ila kulisafisha ni kazi, mafuta ya kidole tu yanaziba vitundu. Kwa kegi moja kwa mwezi sioni haja yake.

Inamfaa mwenye shughuli Jumamosi na leo ni Alhamisi.

Kwa hiyo uko upande gani

Kama ndo unaanza na hela imeishia kwenye kegi, na ni kati ya mwezi wa kumi na wa tatu, sukari. Kama ni mwezi wa saba na uko Njombe au Makete na huna mtungi, sukari bado, ila tumia hamira inayovumilia baridi na kegi ikae chumba cha jiko, na usiahidi watu tarehe.

Kama una mtungi lakini huna friji, ngoja hiyo hiyo miezi ya baridi, weka gesi taratibu kwenye joto la chumba, ongeza PSI 3 za mlima. Miezi ya joto changanya: sukari kwanza, mtungi wa kusukumia tu.

Kama una friji, mtungi, na umeme wa kwenu hauna visa, weka taratibu usiguse. Kama umeme ni wa kubahatisha, Mufindi vijijini kwa mfano, njia ya haraka inakupa kila kitu ndani ya siku ambayo umeme upo, au funga mapema usiutegemee kabisa.

Kama bia inasafiri, labda unaipeleka Tukuyu kwenye harusi, itie gesi kwa mtungi, iache itulie, afu hamishia kegi nyingine safi iliyofukuzwa hewa na yenye presha ile ile, tope unaliacha nyumbani. Kama ni ya sukari au ya kufungwa mapema, ifike siku mbili kabla na isiguswe. Na hapa naongelea ya kunywa na jamaa, ukianza kuuza kuna leseni, TBS na TRA, hiyo ni mada nyingine.

Kama unapenda bia za hopsi nyingi na una haidromita, jifunze kufunga mapema ukiwa na mtungi pembeni: ukikosea chini unaongezea, ukikosea juu unaachia.

Na kwa mwenye kegi mbili za bia ile ile, tia moja sukari na nyingine mtungi siku hiyo hiyo, chumba hicho hicho, uandike tarehe kwa maka peni kwenye kila kegi. Joto la chumba chako mimi silijui, hizo kegi mbili zitakwambia.